Ngoma Iliyovuka Ziwa

Saida Karoli hakuhitaji mkalimani. Albamu yake ya kwanza ilipotoka mwaka 2001, "Maria Salome", wimbo ambao mitaani ulijulikana zaidi kama "Chambua Kama Karanga", ulichezwa Mwanza na watu ambao Kihaya hawakijui hata cha salamu. Wasukuma waliucheza, Wajita na Wakurya wakaucheza, Waha waliokuja mjini kutafuta maisha wakaucheza. Kiitikio walikishika siku ya kwanza. Beti waliziacha zipite, miguu ikiendelea na kazi yake, mpaka kiitikio kirudi.

Katika nchi ambayo mtangazaji wa redio anatakiwa azungumze Kiswahili au Kiingereza, mwanamke wa kijijini Kagera aliimba kwa lugha ya kwao na taifa zima likaitika. Uganda ikaitika. Rwanda na Burundi zikaitika. Nilifunga safari ya Mwanza, na kutoka hapo nikavuka maji hadi Bukoba, kwa sababu nilitaka kuiona njia ambayo sauti ile ilipita, na kwa sababu naamini Saida Karoli ameandikwa kidogo mno kuliko alivyoimbwa.

Alizaliwa mwaka 1976 katika kijiji cha Rwongwe, Bukoba. Alikuwa na miaka miwili tu majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, Oktoba 1978, na kuikalia ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Mwaka 1983, alipokuwa na umri wa kuanza shule, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huo huo. Kizazi chake kilikulia kwenye matanga. Vijiji vizima vya Kagera vilibaki na bibi wanaolea wajukuu. Nayataja haya kwa sababu mtu anayeisikia sauti yake ikicheka juu ya ngoma anaweza kudhani imetoka mahali pasipojua msiba.

Ngoma aliianza utotoni. Muziki hakuusomea darasani. Aliupata nyumbani na kwenye shughuli za kijiji, mahali ambapo mtoto mwenye mkono mwepesi huachiwa ngoma wakubwa wakichoka. Aliyemtoa huko na kumwingiza studio ni Felician Mutta, meneja wake wa miaka ile ya mwanzo. Kilichotoka studio kilikuwa rahisi kukisikia na kigumu kukiiga: ngoma mbele kabisa, gitaa na kinanda nyuma, sauti za wanawake zikiitikia, na juu ya yote sauti moja nyembamba isiyo na haraka. Saida hapazi sauti ili asikike. Anaimba kwa utulivu wa mtu anayezungumza na jirani yake uani, na ngoma ndiyo inayobeba haraka yote.

Mwaka ule haukuwa mwaka wa kusubiri muziki wa asili. Professor Jay alitoa "Machozi, Jasho na Damu" mwaka huo huo wa 2001, na vijana wa Dar es Salaam walikuwa wanaugeuza Bongo Fleva kuwa lugha ya redio. Baa zilikuwa za Wakongo. Taarabu ya kisasa ilikuwa imeshika sherehe za wanawake. Ngoma za makabila zilikuwa na mahali pake palipojulikana: viwanja vya ndege kupokea wageni wa serikali, sherehe za Mei Mosi na Saba Saba, vipindi vya redio vya asubuhi. Zilipigwa, zikapigiwa makofi, zikakunjwa hadi sikukuu ijayo. Saida alizitoa huko na kuzipeleka sokoni, kwenye kanda iliyouzwa dukani pamoja na kanda za wengine. Hata jina la wimbo wake mmoja, "Ndombolo ya Solo", linaonyesha kwamba aliijua vizuri dunia aliyokuwa anaingia: aliuchukua mtindo wa Kikongo uliokuwa unatingisha baa zote na kuuleta kwake, kwenye ngoma ya Kihaya.

Mwanza ndipo mahali pa kulielewa soko hilo. Jiji limekaa juu ya miamba, nyumba zikipanda vilima hadi pale mguu unapokataa, na chini yake ziwa limetanda. Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, magunia ya dagaa hupangwa yakingoja wanunuzi kutoka mikoa ya jirani, Burundi na Kongo. Wapagazi hupita wakipaza sauti watu wawapishe. Kila kibanda kina redio, na kila redio ina kituo chake. Niliwasalimia akina mama waliokuwa wanachambua dagaa kwa "Mwangaluka", wakacheka kusikia Kisukuma changu, na nilipolitaja jina la Saida mmoja wao akaanza kuimba kabla sijamaliza kuuliza. Alikuwa Msukuma wa Magu. Aliimba kiitikio chote, na beti akazijaza kwa sauti zisizo maneno, kwa uhakika kamili.

Kanda ndizo zilizofanya kazi hiyo, na redio. Sheria ya utangazaji ya 1993 iliruhusu vituo binafsi, na Mwanza haikuchelewa: Radio Free Africa na Star TV, za kampuni ya Sahara, zilianzishwa hapa hapa, mbali na Dar es Salaam, zikawa sikio na jicho la Kanda ya Ziwa. Mkoa ambao zamani ulisubiri kusikia habari zake kutoka pwani sasa ulikuwa na mitambo yake. Mtangazaji hakuruhusiwa kusoma habari kwa Kisukuma wala Kihaya, lakini wimbo ni mlango mwingine. Lugha isiyoweza kuketi kwenye kiti cha mtangazaji ilipita kwenye santuri na kanda, ikafika sebuleni kwa watu ambao wasingeisikia mahali pengine popote.

Kisha kulikuwa na sherehe. Mtu ambaye hajakaa kwenye send-off au kitchen party ya Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawezi kuujua uzito wa wimbo ule. Mshereheshaji alipotaka kuwainua wazee waliokuwa wamekaa nyuma wakiwaangalia vijana, aliuweka. Mama mkwe alisimama. Kamati ya maandalizi ilisimama. Hakuna aliyetakiwa kujua hatua za ngoma fulani, bega lilitosha.

Nilikwenda Bujora, Kisesa, kwenye barabara ya Musoma, kwa sababu Wasukuma wana namna yao ya zamani ya kumpima mwimbaji, na niliona inaeleza mengi. Makumbusho ya Bujora yaliasisiwa na Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyefika Usukumani katikati ya karne ya 20 na kuamua kwamba ngoma hazina ugomvi na kanisa. Kanisa lenyewe la Bujora limejengwa kwa umbo la nyumba ya mviringo ya Kisukuma. Kila Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, panafanyika Bulabo, na vikundi vya ngoma hukutana kushindana.

Mashindano hayo yana kanuni moja. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watazamaji hutembea. Kikundi kilichovuta umati mkubwa ndicho kilichoshinda. Pande mbili kubwa ni Wagika na Wagalu, waliotoka kwa mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, ambao walikuwa waganga na wachezaji kwa pamoja. Hadi leo dawa ya kuvuta watu inahesabiwa kuwa sehemu ya maandalizi sawa na ngozi ya ngoma. Hakuna jopo la majaji wala karatasi za alama. Mtafiti Frank Gunderson wa Marekani, aliyekusanya zaidi ya nyimbo 300 za kazi za Wasukuma katika kitabu kilichotoka mwaka 2010, anaonyesha jinsi uimbaji huo ulivyofuatana na jembe: wakulima wa bugobogobo walilima kwa mstari huku ngoma ikiwapiga nyuma, majembe yakirushwa hewani na kudakwa.

Watu waliolelewa katika utamaduni huo walikuwa tayari kwa Saida Karoli. Swali lao halikuwa anaimba kwa kabila gani. Swali lilikuwa: umati uko upande gani wa uwanja? Na mwaka 2001 umati ulikuwa kwake.

Kwa upande wa Uganda maelezo ni mengine, nayo yanahusu lugha. Kihaya kina ndugu wengi kuzunguka maji haya. Kinyambo cha Karagwe ni ndugu, Kizinza cha upande wa Geita na Sengerema ni ndugu, na kuvuka mpaka kuna Runyankole, Rukiga, Rutooro na Runyoro. Msikilizaji wa Mbarara hakuwa anasikia wimbo wa kigeni. Alikuwa anasikia binamu yake akizungumza kwa lafudhi ya kule chini. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani ulipita katikati ya watu hawa bila kuzigusa salamu zao.

Ndugu mwingine wa lugha hizo yuko ng'ambo kidogo tu ya Mwanza: Kikerewe. Nilipanda kivuko hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, nikiwa na Aniceti Kitereza akilini. Kitereza aliandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945. Ni kisa cha Myombekere na mkewe Bugonoka, kilichojaa kilimo, uganga, pombe, ugomvi wa wakwe na mapenzi ya watu wawili waliochelewa kupata mtoto. Wachapishaji hawakukitaka kitabu kwa lugha ya watu wachache. Ilimbidi mwandishi mwenyewe akitafsiri kwa Kiswahili, na kikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Mwaka 1981 Kitereza alifariki.

Nikiwa gatini Nansio, nikiwatazama vijana wakipakua kreti za soda na kupakia mananasi, nilimweka mzee huyo kando ya Saida. Wote wawili ni wa ziwa moja, lugha zao zinaelewana, wote walikataa kuanza kwa lugha ya wengine. Kitabu kilisubiri miaka 35. Wimbo ulivuka mipaka mitatu ndani ya msimu mmoja. Kusoma kunataka msomaji aliyefundishwa lugha hiyo; ngoma inataka mtu mwenye mapigo ya moyo. Bado inaniuma kwamba Kitereza hakupata hata nusu ya masikio yale.

Kutoka Mwanza kwenda Bukoba siku hizi mtu ana njia nyingi. Kuna basi linalopita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na kumaliza foleni za kivuko zilizokula saa za wasafiri kwa miaka. Kuna ndege. Nilichagua meli, kwa kuwa wanamuziki wa Kagera na mizigo yao ya ngoma walikuja Mwanza kwa meli, na kanda zao zilirudi nyumbani kwa meli.

MV Victoria ilianza kazi mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, na ilirejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa uliotanguliwa na miaka ya kukaa bandarini. Meli mpya zaidi, MV Mwanza, yenye uwezo wa abiria 1,200, ilishushwa majini Februari 2023. Lakini abiria wa njia hii, hasa wa umri mkubwa, hawapandi ngazi bila kukumbuka meli nyingine. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikitokea Bukoba, ilizama karibu kabisa na Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafa maji. Makaburi na mnara wa kumbukumbu viko Igoma. Saida alikuwa na miaka 20. Hakuna familia ya Bukoba ambayo haikumjua mtu katika meli ile au haikumjua aliyemjua. Miaka mitano baadaye mji huo huo ulitoa wimbo uliomfanya kila mtu acheze. Sidai kwamba kimoja kilizaa kingine. Nasema tu kwamba watu walioupokea wimbo ule kwa mikono miwili, pande zote mbili za maji, walikuwa watu waliokuwa wameshazika sana.

Usiku kucha meli ilikata maji kuelekea magharibi. Daraja la tatu lilikuwa limejaa: mikungu ya ndizi haikuwepo, kwa sababu ndizi hutoka Bukoba kuja Mwanza, bali magodoro, mabati, madumu ya mafuta na watoto waliolala juu ya vitenge. Kemondo tulifika bado giza likiwa zito. Bukoba ilitokea baadaye na jua, vilima vya kijani vikishuka hadi ufukweni, migomba imefunika kila kitu.

Bukoba ina muziki wa zamani kuliko ngoma ya harusi. Wahaya wana enanga, chombo cha nyuzi kilichochongwa kwa ubao mmoja uliofukuliwa katikati, nyuzi zikapitishwa juu ya shimo hilo. Mwimbaji huketi na kukilaza, akipiga huku anasimulia, na masimulizi yake ni tenzi za mashujaa, wafalme na mizimu, akiwemo Mugasha, mwenye mamlaka juu ya ziwa na dhoruba zake. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwenyeji wa mkoa huu, alizunguka vijijini akirekodi mafundi hao, na makala yake ya mwaka 1983 iliwajibu wanazuoni wa Ulaya waliokuwa wanadai kwamba Afrika haina tendi. Alionyesha kwamba zipo, zina urefu, zina ufundi, na zinaimbwa Kagera.

Enanga ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya wanaume. Ngoma nayo ilikuwa na uzito wake: katika falme za Buhaya, kama zilivyo falme nyingine za eneo la maziwa makuu, ngoma ilikuwa alama ya utawala, na mfalme aliyenyang'anywa ngoma alikuwa amenyang'anywa nchi. Serikali ilifuta utawala wa machifu baada tu ya Uhuru. Nikiwa Bukoba ndipo nilipoona vizuri Saida alifanya nini. Alisimama jukwaani akiwa na ngoma mbele yake, mwanamke asiye na cheo, na alichosimulia kwa Kihaya kilikuwa mapenzi, ndoa, majirani na maneno ya watu. Wafalme hawakuwa sehemu ya habari hiyo.

Wazee wawili waliokuwa wameketi kivulini karibu na soko walinikaribisha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani na kukaushwa, inayotolewa kwa mgeni kabla ya neno lolote zito. Niliwauliza, "Shikamooni wazee, Saida Karoli mnamweka wapi?" Mmoja akamtaja mpiga enanga wa zamani na kusema yule ndiye alikuwa mwimbaji. Mwenzake akamkatiza. Akasema yule alisikika Kagera tu, na huyu binti aliwafanya watu wa Dar es Salaam waseme Kihaya bila kutaka. Wakaendelea kubishana kwa Kihaya, na kahawa ikaniishia mdomoni nikiwasikiliza. Mimi niko upande wa yule wa pili, ingawa namwelewa wa kwanza. Kazi ya enanga ni kina. Kazi ya Saida ilikuwa upana, na upana huo haukuwahi kupatikana kabla yake kwa lugha hii.

Linganisha na Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyefariki mwishoni mwa 2003. Zawose alirekodi kwa lebo ya Real World ya Peter Gabriel, akapiga zeze na ilimba katika matamasha ya Ulaya, na wapenzi wa muziki wa London walimjua vizuri kuliko vijana wa Mbeya. Saida alikwenda njia ya kinyume. Jina lake lilikua nyumbani kwanza, kwenye mabasi, maduka na harusi za Afrika Mashariki, kwa pesa za watu wa kawaida walionunua kanda. Heshima ya namna hiyo haiandikwi sana magazetini, lakini ndiyo iliyo ngumu zaidi kuipata.

Kisha kukawa kimya. Nyimbo nyingine zilifuata, "Kaisiki" ikiwemo, lakini kadiri miaka ilivyokwenda jina lake lilififia redioni. Kanda zilikufa, CD zikaja zikafa, muziki ukahamia kwenye simu. Msanii aliyejengwa na kanda alibaki bila duka. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na chombo chake, COSOTA, lakini kwa wasanii wa kizazi kile mikataba mingi ilikuwa ya kuuza kazi mara moja na kuondoka, na wengi walikuja kujua maana ya saini zao baada ya wimbo kuwa wa kila mtu.

Septemba 2016 ilileta mambo mawili kwa watu wa Kagera. Tarehe 10, tetemeko la ardhi lilipiga Bukoba na vitongoji vyake, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Siku chache baadaye Diamond Platnumz akatoa "Salome" akiwa na Rayvanny. Walikichukua kiitikio cha Saida, wakakizungushia beti za Kiswahili na mdundo wa klabu, na video ikatazamwa mara makumi ya mamilioni mtandaoni. Watoto waliozaliwa baada ya 2001 walidhani ni wimbo mpya. Wazazi wao waliwarekebisha, na katika nyumba nyingi siku hiyo kanda ya zamani, au faili la zamani, lilitafutwa ili kuthibitisha.

Naupenda wimbo ule wa Diamond. Una furaha na ulimrudisha Saida kwenye midomo ya watu. Mwaka uliofuata, 2017, alitoa "Orugambo", na ilionekana wazi kwamba sauti haikuondoka. Ilikuwa ile ile, nyembamba, bila haraka. Lakini sikiliza matoleo mawili ya kiitikio kimoja, moja baada ya jingine. La vijana linakwenda mbele kwa nguvu ya mashine, kila pigo mahali pake. La Saida linayumba kidogo, ngoma inachelewa nusu ya pumzi na kumngoja, naye anaijua inapomngoja. Pengo lile dogo ndilo lililowafanya wazee wa Mwanza wasimame kwenye viti vyao.

Wawili hao wa "Salome" walirudi kwa namna nyingine miaka miwili baadaye. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliufungia wimbo wao ulioitwa "Mwanza", na Desemba, baada ya kuuimba jukwaani katika jiji lenyewe, wakafungiwa kufanya maonyesho. Kwa muda jina la Mwanza lilikuwa kwenye kila kichwa cha habari za muziki, kwa sababu ambazo hazina uhusiano na Usukuma, wala dagaa, wala ngoma.

Bukoba mjini niliingia kwenye kibanda cha kijana anayejaza nyimbo kwenye flashi na simu. Orodha yake ilikuwa ndefu: Bongo Fleva, injili, singeli, amapiano, nyimbo za Kiganda. Saida alikuwa na folda yake. Nilimwuliza nani huziomba, nikitegemea kusikia wazee. Akasema ni Wahaya wanaoishi mbali, wanaokuja likizo ya Desemba na kutaka kurudi nazo Arusha, Dar es Salaam, Muscat, na wanaoziomba zaidi ni vijana waliozaliwa huko, wasioweza kuzungumza na bibi zao. Wanazijifunza kwa sikio, sawasawa na yule mama wa Magu.

Siti binti Saad, mwanamke mwingine aliyetoka kijijini, Fumba ya Unguja, alirekodi Bombay mwaka 1928 na kuwa sauti ya kwanza ya mwanamke wa Afrika Mashariki kwenye santuri. Alifariki 1950, lakini Shaaban Robert alikuwa amewahi kuketi naye, na wasifu wake tunao. Saida Karoli yupo, na bado anaweza kuketi na mtu mwenye daftari. Maswali ya kumwuliza ni mengi, na mengine nimeyaandika nikiwa melini wakati wa kurudi: nani alimpa ngoma ya kwanza, nyimbo zipi alizikuta kijijini na zipi alizitunga mwenyewe, waitikiaji wake walikuwa akina nani na wako wapi leo, aliamuaje kubaki na Kihaya wakati kila mtu mjini alikuwa anaimba Kiswahili, na kwa kila kanda iliyouzwa kutoka Mwanza hadi Kampala, mkononi mwake ilifika shilingi ngapi.